Njia Niliyoandika Kwamba Haipo

Mpendwa dada Habiba,

Namba yako haipatikani. Nimeipiga hadi nimechoshwa na yule mwanamke wa mtandao anayenijibu kila mara kwa adabu ileile. Nimewauliza kina mama wanaoleta maziwa hapa Garsen asubuhi. Mmoja anasema mlihamia upande wa Garissa, mwingine anaapa kwamba mko ndani kabisa kwenye malisho, mahali ambapo ili simu ishike sharti mtu apande juu ya kichuguu. Basi nakuandikia barua isiyo na bahasha. Nitaitoa nakala hapahapa dukani, nimpe kila mama wa maziwa moja, nyingine niibandike mlangoni, na gazeti likiikubali nalo liichape. Anayekujua akusomee. Wengine wakisoma pia, wasome. Nililokutendea nilikutendea kwenye karatasi ya serikali, kwa hiyo sioni kwa nini nilitaje kwa kunong'ona.

Ngoja nianze na mazuri, maana yalikuwepo.

Unakumbuka ulivyoingia dukani mara ya kwanza? Ulikuwa umeuza maziwa yako yote, madumu matupu umeyafunga kwa kamba, na gari lenu la kurudi lilikuwa haliondoki mpaka adhuhuri. Ulitaka nakala ya kadi ya kliniki ya mtoto. Mashine ilikuwa imekwama, kama kawaida yake, nikakwambia ukae kwenye benchi, nami nikarudi kwenye kitabu changu. Ulivumilia kidogo, kisha ukaniuliza, "Wewe, hiyo kitabu iko na nini mpaka unalia?" Nikasema silii, ni vumbi tu. Ukasema, "Vumbi ya Garsen mimi naijua. Hiyo si vumbi."

Kitabu hicho kilitoka kwenye boksi la mwalimu wa fasihi aliyehamishwa. Gari lake lilijaa, akaniachia boksi zima na kunionya nisije nikavigeuza vitabu vyake karatasi za kufungia mandazi. Vingi vilikuwa vya Kiingereza. Mimi nilimaliza kidato cha nne. Wewe ulifika cha pili, wakakuoza. Kwa hiyo nikawa nasoma kwa Kiingereza na kukusimulia kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, nawe ukifuata mistari kwa kidole kama mkaguzi wa shule. Nikiruka aya ndefu ya maelezo ya milima ambayo hatukuwa na haja nayo, ulisema, "Rudi. Umeruka." Mpaka leo sijui ulijuaje. Wateja walizoea kutukuta hivyo. Kuna aliyedhani tunasoma Kurani, kuna aliyedhani Biblia, na sisi hatukumsahihisha yeyote.

Tulianza na ile riwaya ya mwandishi wa Kipalestina, ya bibi kizee aliyefukuzwa kijijini kwao akiwa msichana, na sasa anazeekea kambini. Kijiji chenyewe hakipo tena; kimepandwa miti juu yake. Lakini kila jioni bibi anawakalisha wajukuu wake na kuwatembeza kwa mdomo njia ya kwenda kwao: kisima hiki, mtini ule, ukuta wa nyumba ya fulani, kata kushoto.

Mimi, Habiba, nililelewa kwenye kanisa ambalo Bethlehemu ni mji wa kwenye wimbo wa Krismasi. Nilikuwa mtu mzima mwenye duka na leseni kabla sijajua kwamba kuna watu wanaoamka huko alfajiri na kupanga foleni kwenye kizuizi cha askari ili wafike kazini. Mchungaji wetu alipoiombea Israeli niliitikia amina bila kujiuliza jirani yake ni nani. Nilikueleza hayo kwa haya. Wewe ulikuwa umezisikia habari zao redioni na msikitini tangu utotoni, lakini ukakiri kwamba hata wewe hukujua ni watu wa kuchekesha. "Mimi nilifikiri hao watu wanakufa tu," ulisema. "Kumbe wanagombana na wakwe pia."

Tulipofika kwenye ile njia ya bibi, uliufunika ukurasa kwa kiganja, ukanisomea ya kwenu. "Unatoka manyatta, unapita mikoma mbili, unashuka pole pole kwa sababu ndama inateleza. Halafu unaingia katikati ya mashamba. Mkono ya kushoto migomba, mkono ya kulia mpunga. Halafu maji." Ulikuwa unaisema malka, ile njia pana iliyoachwa tangu zamani katikati ya mashamba yetu sisi Wapokomo ili ng'ombe wa Waorma wafike mtoni. Niliijua. Migomba uliyoitaja ilikuwa ya baba yangu. Nilipokuwa mtoto, kiangazi kikikaza, ng'ombe walipita hapo kutwa nzima, na kina mama wa Kiorma walikaa ukingoni na mama yangu wakibadilishana maziwa na mahindi hadi wanyama walipomaliza kunywa. Tulijaribu kukumbuka kama mmoja wao alikuwa mama yako. Tukashindwa, tukakubaliana tu kwamba alikuwa yeye.

Kisha kikaja kitabu cha yule mwanamke Mweusi wa Marekani, kuhusu binti anayetafuta majina ya wanawake wote wa ukoo wao waliouzwa. Hicho nilikisoma kwa hasira, na nilikisoma kama changu, maana bibi yangu alinisimulia habari za watu wa mtoni waliojificha msituni wasije wakashikwa na kupelekwa pwani kuuzwa. Siku hiyo hukuniambia nimeruka hata mara moja. Nilidhani umechoka. Tulipofika mwisho wa sura ukasema, huku unatazama barabara, "Kwetu iko jina tunaita watu yenu. Sababu ya nywele. Ni jina ya mtumwa. Mimi pia nimeita. Nimeita watoto ya shule, nimeita hata mama mmoja kwa soko, na alikuwa mkubwa kama mama yangu."

Nilifunga kitabu. Nilikuwa na kazi, nikasema, ingawa mashine ilikuwa imezimwa na hapakuwa na mteja. Wiki nzima sikukusemesha. Nawe kila siku ulimaliza kuuza maziwa, ukaja, ukakaa kwenye benchi lako, hukuniomba radhi wala hukujifanya kwamba hukusema kitu. Siku ya saba nikachukua kitabu nikaanza pale tulipoachia. Leo ninapolikumbuka hilo ndipo linaponiuma zaidi. Hakuna aliyekuuliza. Ungeweza kunyamaza, tukawalaani pamoja Wazungu wa mashamba ya pamba, tukanywa chai, na mimi nisingejua.

Cha tatu kilikuwa cha mwandishi mwanamke wa Afrika Magharibi, kuhusu mjane anayepigania jina lake liandikwe kwenye hati ya nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe. Hicho nilikipenda kupita vyote. Mjane aliposhinda kesi nilipiga makofi peke yangu. Wewe ukauliza, "Na ule mpangaji ya chumba ya nyuma? Mama akichukua nyumba, yeye anaenda wapi?" Nikakwambia una tabia ya kuharibu hadithi za watu. Ukacheka mpaka ukashika mbavu, ukasema hadithi imeharibika yenyewe.

Kitabu hicho kilinipanda kichwani, sitaficha. Ndiyo maana kamati ya ardhi ilipokuja kutafuta karani nilikubali kabla mwenyekiti hajamaliza kuniomba. Walinitaka kwa sababu nina mashine na mwandiko unaosomeka, lakini mimi nilijiona nimeitwa na historia. Hakuna mwanamke aliyewahi kukaa kwenye meza ile isipokuwa akipita kuweka chai. Kikao cha kwanza nilivaa kitenge changu cha kanisani. Ulinicheka, kisha ukanirekebisha kilemba.

Sasa nifike pale.

Kwenye fomu ya kuandikisha ardhi palikuwa na kisanduku kimoja cha njia za mifugo kwenda majini. Mto ulikuwa umeshahama. Wewe waijua Tana ilivyo, mafuriko yakija hujichagulia pa kupita, na ule mkondo wa zamani ukabaki vidimbwi na udongo mweusi unaoweza kuotesha hata kijiti cha kiberiti. Mwenyekiti akasema malka ni njia ya kwenda mtoni. Mto hauko pale tena, basi na njia haiko. Wazee wote wakaitikia. Mimi nilijua kwamba ni vile vidimbwi hasa ng'ombe wenu walivyovitegemea kiangazi. Nilijua kwa sababu ulinieleza wewe mwenyewe. Nilikuwa na kalamu mkononi na ulimi mdomoni. Lakini niliogopa kwamba nikiufungua mdomo kwa mara ya kwanza mbele ya wazee wale, nikaufungua kwa ajili ya Waorma, sitaitwa tena. Nikaandika: Hakuna.

Fomu safi niliinakili hapa dukani, Habiba, na wewe ulikuwa papo hapo. Ulikuwa nje kwenye benchi, ile riwaya ya bibi wa Kipalestina iko mapajani, unaisoma mara ya pili, mwenyewe, polepole, ukinisubiri nimalize kazi ya kamati. Nikaandika lile neno kwa mwandiko wangu mzuri, nikatia sahihi, nikafunga faili. Kisha nikatoka nikakaa kando yako. Ulikuwa umefika pale bibi anapoambiwa na ofisa kwamba kwenye ramani hakuna kijiji cha jina hilo. Ulinisomea wewe, kwa sauti, bila kukosea hata neno. Nililia. Ukanipa ncha ya mtandio wako nikajifuta machozi.

Nimejaribu sana kuelewa ilikuwaje niyafanye yote mawili ndani ya saa moja. Sikuwa najifanya. Machozi yalikuwa ya kweli.

Kiangazi kilipokuja, kaka yangu Komora alikuwa ameshaziba malka kwa matawi ya mathenge, na nyuma ya miiba hiyo, kwenye udongo mweusi wa vidimbwi, mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Wachungaji wenu walipofika na ng'ombe wakaambiwa imeandikwa hakuna njia hapa. Mlizunguka mkitafuta pengine pa kushukia, na ndama wakafia njiani. Nilizisikia habari hizo kutoka kwa wateja kabla hujaja. Ulipokuja hukuwa na madumu. Hukukaa. Ulisema, "Dada, wewe uko na hiyo kamati. Ni nani ameandika?"

Nikasema, "Sijui. Fomu zilikuja zimeshajazwa."

Ukasema "sawa", ukaweka riwaya ile niliyokuazima juu ya kaunta na kuondoka. Kabla ya wiki kwisha nikasikia mmehama. Sijui kama ulijua. Kuna siku naomba uwe hukujua, na kuna siku naomba uwe ulijua, ili angalau asiwepo mtu anayenikumbuka kwa wema nisioustahili.

Sisemi kwamba Garsen ni Palestina. Ningesema hivyo ungenikemea. Huku kwetu pia kuna watu waliolala njaa baada ya ng'ombe kuingia kwenye mahindi, na kuna makaburi ya pande zote mbili ambayo mimi na wewe hatukuwahi kuyataja tukiwa kwenye benchi lile. Tuliweza kuzungumza mchana kutwa juu ya vifo vya mbali, vya hapa tukavikwepa. Ninachosema ni kwamba katika kila kitabu tulichosoma nilijiweka upande wa aliyeonewa. Nilikuwa bibi wa kambini, nilikuwa binti wa watumwa, nilikuwa mjane. Yule ofisa mwenye ramani sikumwangalia mara mbili. Alikuwa mtu mbaya, mwanamume, mwenye sare, wa nchi nyingine. Haikunijia akilini kwamba anaweza kuwa mwanamke wa Kipokomo mwenye duka la nakala, na kwamba anaweza kupenda vitabu. Naona aibu, Habiba. Nimeviweka vyote ndani ya boksi na sijakifungua hata kimoja tangu uondoke.

Ningeendelea kuishi hivyo, nikiwa na aibu yangu ya faragha, kama mwezi uliopita familia isingenigawia shamba.

Wewe unajua maana yake. Mama yangu amelima tangu usichana na hana hata tuta moja la jina lake. Ndugu zangu waliniita nyumbani, wakaniambia kwa kuwa niliifanyia familia kazi kubwa kwenye kamati, nami nitaandikwa. Mama alipiga vigelegele, kisha akalia, kisha akanishika mkono tukaenda kuliona. Lilikuwa palepale. Kushoto migomba, kulia mpunga. Nilifurahi, nisikufiche, nilifurahi tangu mwanzo wa shamba hadi mwisho wake. Tulipokuwa tunarudi Mama akapiga jembe chini kujaribu udongo, nalo likaruka. Ardhi pale imeshindiliwa na kwato kwa miaka ambayo hakuna aliye hai anayeweza kuihesabu. Mama akasema italainika tu mvua zikinyesha.

Wiki iliyopita ofisa wa ardhi alikuja kuisoma mipaka mbele ya watu, kwenye uwanja wa chifu. Alipofika kwenye kisanduku kile akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Watu wenu hawakuwepo hata mmoja. Nilisimama. Nikasema, "Njia ipo. Mimi ndiye niliyeandika haipo, na niliandika uongo."

Komora akasema, "Kaa chini, dada. Jua limekupiga." Watu wakacheka, na mwenyekiti akacheka kuliko wote. Ofisa hakucheka. Ni kijana mpole, alifungua faili akanionyesha. "Madam, hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi hapa unasema hakuna. Leo unasema iko. Mimi nikuamini yupi?"

Nilisimama tu pale, nikiwa nimevaa kitenge kilekile.

Akaniambia, bila ubaya wowote, kwamba mtu aliyejikana mwenyewe hatoshi kuwa shahidi. Anayeijua njia ile kwa kuitumia sharti aje mwenyewe aseme inaanzia wapi, inapita wapi, inaishia wapi. Amekiacha kisanduku wazi hadi mvua za masika zianze. Asipokuja mtu, neno langu la kwanza ndilo litakalobaki.

Tangu siku hiyo Mama hanisemeshi. Jana tu, nilipompelekea unga, aliniuliza bila kuniangalia, "Hukuweza kungoja nife kwanza, nife nikijua mwanangu ana shamba?" Nilitamani anitukane. Nimezisoma kurasa nyingi kuhusu wanawake walionyimwa ardhi, na sikukuta hata moja iliyonifundisha namna ya kumjibu.

Basi ndiyo sababu ya barua hii. Si kukuomba msamaha. Huo utautoa au utaninyima huko uliko, na haki ni yako. Nakuomba uje. Unaijua njia ile kwa moyo, nimekusikia ukiisema na kiganja chako juu ya ukurasa. Isimulie hivyohivyo mbele ya ofisa. Njoo na mumeo, njoo na wazee wenu, au njoo peke yako na hasira zako. Ukitaka kupita hapa dukani, benchi lipo. Usipotaka, nitakuona kule uwanjani, na nikiulizwa nitasema tena kila kitu, na safari hii sitakuwa peke yangu ninayesema.

Lakini nilikudanganya mara moja, sitaki iwe mara mbili. Shamba lile nalitaka. Naamka nalo, nalala nalo, nimeshachagua hata pa kupanda minazi. Nikilitazama kwa siku nyingi zaidi nitaanza kuona kwamba hapakuwahi kuwa na njia. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa Kipini. Mvua ikinyesha na hujaja, Habiba, nitapanda.

Ni mimi,
dada yako wa upande wa mashamba